Uzi: Aliyelipa kiingilio asiwe wa mwisho kujua kilichotokea uwanjani

Jirani wa Namboole (mwanzisha uzi)

Wakubwa kwa wadogo, salamu zenu. Jambo hili nimekaa nalo tangu Agosti 2025, mashindano ya CHAN, yale ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, yalipochezwa hapa kwetu Uganda, Kenya na Tanzania, na nimeona nilitoe sasa kabla AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, haijatufikia mlangoni.

Nianze na kisa. Katika mechi moja niliyokwenda kutazama, ambayo sitaitaja wala uwanja wake kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu, mpira uliingia wavuni upande wa pili wa uwanja. Jukwaa letu lote likasimama, vuvuzela zikalia, na mzee aliyekaa mbele yangu akamwaga karanga zake zote kwa furaha. Mara mwamuzi akaweka kidole sikioni, nasi tukanyamaza. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na skrini kubwa haikuonyesha kitu zaidi ya majina ya timu na saa. Hakuna aliyejua kinachochunguzwa: kama ni kuotea, kama ni mkono, au kama ni faulo iliyotangulia. Yule mzee akatoa mfukoni redio ndogo ya betri mbili, akaibana sikioni, na watu wa safu tatu za viti wakamwinamia yeye, migongo ikiuelekea uwanja. Ni yeye aliyetuambia kwamba goli limekataliwa, kabla hata mwamuzi hajanyoosha mkono. Mke wangu, aliyekuwa nyumbani sebuleni, alikuwa amekwisha kuona marudio mara kadhaa pamoja na mstari uliochorwa begani kwa mshambuliaji. Alinitumia ujumbe palepale, nami niliupata nikiwa barabarani narudi, kwa sababu mtandao uwanjani ulikuwa umelemewa.

Kwa hiyo mimi niliyepanda boda boda, nikapanga foleni na kupekuliwa mara mbili, nilikijua kilichotokea mbele ya macho yangu baada ya mtu aliyekuwa akimenya matoke. Hilo ndilo linaloniuma, na sidhani kwamba ni langu peke yangu.

Tukitazama namna vifaa hivi vilivyokuja, tutaona kwamba mwanzo vilibuniwa kwa ajili ya mwamuzi na mtu wa runinga. Mwaka 2010 Afrika Kusini, mpira wa Frank Lampard wa Uingereza ulivuka mstari wa goli la Ujerumani, dunia nzima ikaona kwenye runinga, na waamuzi peke yao ndio hawakuona. Kombe la Dunia la 2014 Brazil likaja na teknolojia ya mstari wa goli, ambayo humtetemeshea mwamuzi saa ya mkononi mara mpira unapovuka. Mwaka 2018 Urusi ikaja VAR, yaani waamuzi wasaidizi wanaochunguza marudio ya video. Mwaka 2022 Qatar, kamera 12 zilizofungwa chini ya paa zilifuata alama 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, na ndani ya mpira kulikuwa na kifaa kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Katika mechi ya ufunguzi, goli la Enner Valencia wa Ecuador lilikataliwa mapema kabisa kwa kuotea ambako wengi wetu hatukukuona mpaka tulipooneshwa mchoro wa mguu. Tofauti ya Qatar ni kwamba mchoro ule uliandaliwa uonyeshwe pia kwenye skrini kubwa za uwanjani, ili wa jukwaani na wa sebuleni wapate maelezo yaleyale. Mwaka uliofuata, katika Kombe la Dunia la Wanawake kule Australia na New Zealand, waamuzi walifungiwa kipaza sauti, wakawa wanautangazia uwanja mzima uamuzi wao na sababu yake.

Maana yake ni kwamba inawezekana. Kinachotakiwa ni mwandaaji wa mashindano aamue kwamba mtu wa jukwaani anastahili kuambiwa.

Nitatoa mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa unamhusu mtoto wa Sebei, mashariki mwa Uganda. Tarehe 7 Oktoba 2020, usiku, mjini Valencia nchini Hispania, Joshua Cheptegei alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26:11.00, akaivunja rekodi ya Kenenisa Bekele iliyodumu tangu 2005. Ukingoni mwa njia ya ndani kulikuwa na taa ndogo zilizopangwa kuizunguka njia yote, na mwanga wake ulikuwa ukisogea kwa kasi iliyopangwa ya kuvunja rekodi. Sikuwa na haja ya saa wala ya mtangazaji. Nilimwona Cheptegei na nikauona mwanga; alipoutangulia nilijua yuko mbele, na mwanga ulipomkaribia kisigino nilijikuta nimesimama sebuleni. Mtu asiyejua kusoma, mtu asiyejua lugha ya mtangazaji, hata mtoto wa miaka sita, wote wangeuelewa mchezo ule vilevile. Wapo wanaosema taa hizo zimerahisisha rekodi, na mjadala huo una uzito wake, ila mimi nauzungumzia upande wa mtazamaji tu: hiyo ni teknolojia iliyomtanguliza yeye.

Swali langu kwenu ni hili: AFCON itakapokuja kwenye viwanja vya Namboole na Hoima, ni kitu gani hasa tudai kwa ajili ya wale watakaokaa kwenye viti?

Fundi wa Mitambo

Ndugu Jirani, umelisema vizuri. Mimi kazi yangu ni mitambo ya utangazaji, basi niruhusu nieleze kwa nini ile redio ya mzee iliwashinda wote.

Mtangazaji wa redio akiwa uwanjani, sauti yake hupita safari fupi hadi kwenye mnara wa FM na kukufikia karibu palepale. Picha ya runinga ina safari ndefu zaidi. Hubanwa ili iwe nyepesi, hupandishwa kwenye setilaiti iliyo umbali wa takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta, hurudi chini, kisha kisimbuzi chako huifungua upya. Kupanda na kushuka huko hakufiki hata nusu sekunde. Kinachokula muda ni kule kubanwa na kufunguliwa. Anayetazama kwa simu ndiye anayechelewa zaidi, kwa sababu picha ya intaneti hukatwa vipandevipande, na simu huhifadhi vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha ili isikwame njiani. Ndiyo maana mtaani kwetu jirani hupiga kelele za goli wakati wewe kwenye simu bado unaona mpira uko katikati ya uwanja.

Kuhusu ujumbe wa mkeo, sababu yake ni nyingine. Minara ya simu iliyo karibu na uwanja hupangwa kuhudumia wakazi wa kawaida wa eneo lile. Siku ya mechi wanaingia makumi ya maelfu, na kila mmoja anarusha video ya wimbo wa taifa kwa wakati mmoja. Mnara haujaharibika, umegawana njia chache kwa watu wengi mno. Viwanja vikubwa vya Ulaya na Marekani hufunga antena ndogo nyingi ndani ya uwanja wenyewe, kila moja ikihudumia sehemu yake ya viti, na vingine huweka Wi-Fi chini ya viti. Hiyo ndiyo ningeidai kwanza kwa Hoima, kwa kuwa uwanja ule wa watu 20,000 ni mpya, na kutandaza nyaya katika jengo jipya hugharimu kidogo kuliko kutoboa zege la zamani. Namboole imejengwa tangu 1997. Hata baada ya ukarabati mkubwa, kazi hiyo huko itakuwa nzito zaidi.

Binti wa Arua

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Arua, na uwanjani sijawahi kufika. Mechi ya Uganda na Afrika Kusini katika CHAN, ile ya 3-3, niliitazama kibandani, kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira na filamu, pamoja na kaka zangu. Naomba wachangiaji wasitusahau sisi, kwa sababu kwa Waganda wengi kibanda ndicho uwanja.

Timu ilikuwa nyuma kwa 3-1, na wengine walikwisha kutoka nje kuwasha pikipiki. Zilipokuja zile penati mbili za dakika za mwisho, kibanda kizima kilikuwa kimya hata ukasikia jenereta nje, na penati ya pili ilipoingia mabenchi mawili yalivunjika. Tulikuwa tumemaliza kundi tukiwa vinara. Sitaki kudanganya kwamba tungekuwa na furaha kubwa zaidi tungekuwa na skrini ya maajabu. Tulichokikosa ni uelewa. Maelezo ya VAR yalikuja kwa Kiingereza cha haraka, na yule kijana anayetufasiria, kama wanavyofasiri filamu vibandani, alisema anachokisia. Nilibaki na mawazo kwamba mashindano yenyewe yanaitwa Pamoja, yameandaliwa na nchi tatu ambazo Kiswahili kinazungumzwa zote, na baraza letu la mawaziri lilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Hivi tangazo la mwamuzi likirudiwa kwa Kiswahili, uwanjani na kwenye runinga, litaongeza sekunde ngapi?

Ndugu Jirani anauliza tudai nini. Mimi nadai lugha.

Mwalimu wa Mbale

Marahaba binti, umenena. Mimi naomba turudi nyuma hadi langoni, kwa sababu mtu hawezi kulalamikia skrini kabla hajaingia.

Tiketi ya kielektroniki ina faida ambayo hakuna anayeweza kuikana. Tarehe 28 Mei 2022 mjini Paris, fainali ya Ligi ya Mabingwa ilicheleweshwa kwa zaidi ya nusu saa kutokana na vurugu malangoni, na tiketi bandia za karatasi zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa sana. Hapa jirani zetu wa Kenya, wakati wa CHAN, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipunguza idadi ya watazamaji wa uwanja wa Kasarani na kutaka tiketi za kielektroniki pekee, baada ya watu kujipenyeza bila utaratibu. Msimbo unaosomwa na mashine humtambua aliyelipa, na ukisomwa mara moja hausomeki tena.

Shida ni kwamba tiketi hiyo imetengenezwa kwa mtu mwenye simu janja, yenye chaji na yenye bando. Baba yangu mdogo ana simu ya kitochi. Yeye ndiye aliyenipeleka kutazama mpira nikiwa darasa la tatu, na mwaka jana mimi ndiye niliyemnunulia tiketi. Ilibidi niitunze kwenye simu yangu, tukapoteana kwenye msongamano, yeye akabaki nje ya lango akiwa amelipiwa kila senti, huku mimi nikiwa ndani siwezi kurudi kwa kuwa msimbo wangu ulikuwa umekwisha kusomwa. Nilimkuta kipindi cha pili kimeanza, ameketi juu ya jiwe kando ya muuza rolex, zile chapati za mayai, anaangalia paa la uwanja.

Nchi hii inalipa karo, umeme na maji kwa pesa za simu, kwa kubonyeza nyota na namba kwenye kitochi bila bando lolote. Njia hiyo hiyo inaweza kuuza tiketi na kumpa mtu namba fupi itakayoandikwa langoni, au kumwezesha kuchukua kadi yake siku moja kabla, katika kituo cha wakala. Nisingependa tuige lango la London kabla ya kulitazama lango la Bweyogerere, pale Namboole.

Kaka wa Jinja

Heshima kwenu nyote. Sikubaliani na mwanzisha uzi katika jambo moja. Maelezo hayatatosha kuiponya VAR. Utamu wa goli uko katika ile sekunde ya kwanza, na sasa watu wanaogopa kushangilia. Hata skrini ikituonyesha mistari kumi, sekunde ile haitarudi. Mimi ningechagua makosa ya mwamuzi kuliko furaha iliyowekwa rehani.

Tena kuna jambo la kamera. Kwa Michezo ya Olimpiki ya 2024 Ufaransa ilitunga sheria maalumu mwaka 2023 ikiruhusu kompyuta zichambue picha za umati ili kutambua msongamano au mzigo ulioachwa, lakini ikakataza kutambua watu kwa sura zao. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Tangu mashambulio ya Julai 11, 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia hapa Kampala, hakuna Mganda mwenye akili timamu anayepinga ukaguzi. Ila nikishikiwa picha ya uso wangu langoni, nataka niambiwe inahifadhiwa na nani na inafutwa lini. Hilo nalo ni sehemu ya kumheshimu mtazamaji.

Jirani wa Namboole (mwanzisha uzi)

Nawashukuru sana. Mwalimu, kisa cha baba mdogo kimenigusa. Nimekisoma mara mbili. Binti wa Arua, nakiri kwamba nilipoandika nilikifikiria kiti cha plastiki cha uwanjani pekee, na nilikosea kulisahau benchi la kibandani.

Kaka wa Jinja, kuhusu kamera nakuunga mkono moja kwa moja. Kuhusu kusubiri, nadhani tunaweza kutofautiana bila kugombana. Agosti 4, 2024, ndani ya Stade de France, fainali ya mita 100 wanaume ilimalizika na hakuna mtu uwanjani aliyejua mshindi. Wakimbiaji walisimama wakiitazama skrini, watazamaji nao wakaitazama skrini ileile, na kila mmoja alijua kwamba inasubiriwa picha ya mstari wa mwisho. Kisha likatokea jina la Noah Lyles: 9.784 dhidi ya 9.789 za Kishane Thompson. Tofauti ilikuwa sehemu tano za elfu moja za sekunde, ambayo jicho la mwanadamu haliwezi kuiona kamwe, na kusubiri kule hakukuuharibu usiku. Naamini ndiko walikokukumbuka zaidi walipofika nyumbani. Kriketi nayo iko hivyohivyo. Mchezaji akikata rufaa, skrini kubwa huonyesha njia ya mpira hatua kwa hatua, na uwanja mzima hushusha pumzi pamoja. Kinachokera katika mpira wa miguu ni kusubiri gizani. Mwamuzi anasikiliza kitu, mtu wa runinga anaonyeshwa kitu, na aliyelipa kiingilio amesimama katikati yao haambiwi.

Ndugu zetu wa raga walilitatua hili zamani kwa njia ya bei nafuu. Katika mechi kubwa za nje, mtazamaji hununua kiredio kidogo cha sikioni na kumsikiliza mwamuzi anapozungumza na wachezaji na wasaidizi wake. Kwa hiyo yule mzee wa karanga hakuwa nyuma ya wakati. Ningependa kumsikia Fundi: je, kuna ugumu gani kurusha ndani ya uwanja mawimbi ya FM yenye nguvu ndogo, sauti ya mwamuzi na tafsiri yake ya Kiswahili, ili hata mwenye kitochi chenye redio apate?

Fundi wa Mitambo

Kitaalamu si jambo gumu. Kirushio cha nguvu ndogo kinachoishia kwenye kuta za uwanja ni kifaa cha kawaida, na vitochi vingi vinashika FM mara vinapochomekwa waya wa masikioni. Kinachohitajika ni kibali cha masafa kutoka kwa mamlaka ya mawasiliano, na ridhaa ya CAF kuhusu sauti ya mwamuzi. Kama wakikataa sauti yenyewe, basi mtu mmoja mwenye kipaza sauti, aliyeketi pale anapoiona picha ya VAR, anaweza kutoa maelezo. Angalizo langu ni kwamba lazima sauti isipite kwenye mitambo ya kidijitali inayoichelewesha, la sivyo mtu atasikia habari za goli huku mpira umekwisha kurudishwa katikati.

Mama wa Wawili, Masaka

Samahanini kwa kuchelewa kuchangia. Mwanangu wa pili haisikii redio, wala vuvuzela, wala mwamuzi. Ni kiziwi, na anaupenda mpira kuliko sisi sote nyumbani. Naomba mtakapofika kwenye kipaza sauti na FM msiishie hapo. Katiba yetu ya 1995 imeitaja lugha ya alama, kwa hiyo mkalimani kwenye kona ya skrini kubwa hatakuwa hisani. Mwezi Aprili 2024, klabu ya Newcastle kule Uingereza iliwavalisha mashabiki viziwi fulana zinazobadilisha kelele za uwanja kuwa mtetemo kifuani. Nilimwonyesha mwanangu video ile. Aliweka kiganja kifuani, akaniuliza kwa vidole kama mtetemo wa "We Go", wimbo wa mashabiki wa Cranes, timu yetu ya taifa, ungekuwa mkubwa kuliko ule. Nilimjibu ndiyo, bila kufikiri.

Jirani wa Namboole (mwanzisha uzi)

Mama, jibu lako ni sahihi. Nimeandaa barua kwa kamati ya maandalizi, nami nitaweka humu rasimu yake kesho jioni ili kila mmoja airekebishe: antena ndani ya viwanja, namba fupi kwa wenye kitochi, tangazo la mwamuzi kwa Kiswahili na kwa lugha ya alama kwenye skrini, FM ya uwanjani kama Fundi alivyoieleza, na taarifa ya picha zetu za langoni kama alivyodai Kaka wa Jinja. Mwalimu, naomba uniandikie ile sehemu ya tiketi kwa maneno yako mwenyewe, na kisa cha jiwe kando ya muuza rolex usikiondoe.